Ndege Ni ya Nani, Inatua Wapi

Kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi wangu huko Likoni kuna bahasha ya kaki. Ndani yake mna cheti cha ndoa, vyeti vyetu vya kuzaliwa, risiti ya friji iliyokufa zamani, na cheti cha hisa za Kenya Airways cha mwaka 1996. Baba alizinunua kabla mimi sijazaliwa, kabla hata hajawahi kupanda ndege. Hadi leo amepanda mara moja tu, kwenda Nairobi kumzika kaka yake, na alirudi kwa basi.

Kazi ya mzee ni kuendesha gari la watalii. Nimekua nikimwona akiondoka alfajiri, shati limepigwa pasi, kibao chenye jina la mgeni kiko kwapani, anakimbilia feri avuke aende uwanja wa ndege wa Moi. Ndege ikishuka, kwetu kunapikwa. Isiposhuka, hata paka anajua. Mei 2014 Uingereza ilipoonya raia wake wasije Mombasa, kampuni za utalii za huko ziliwarudisha watu wao kwa mamia kabla likizo zao hazijaisha. Baba alikuwa mmoja wa madereva waliowapeleka uwanjani. Alirudi nyumbani mchana, akaegesha gari, akaliosha polepole kana kwamba kuna mtu wa kulipanda kesho yake.

Sasa, Julai 2019, Bunge la Taifa likapitisha ripoti ya kutaifisha Kenya Airways. Mimi nilikuwa mwanafunzi Nairobi, nasomea uhasibu, najiona nimeelewa dunia. Nikampigia: "Baba, serikali yataka kuzichukua hisa zako." Nilitarajia aulize ni pesa ngapi. Akauliza, "Na hizo ndege zitashuka huku kwetu?"

Nilicheka. Nilidhani hajaelewa swali.

Lakini ukifuata stori ya shirika hili kutoka mwanzo, utaona kila kizazi cha viongozi kimebishana kuhusu mwenye ndege. Serikali au soko? Wakenya au Waholanzi? Mahali ndege inapotua pamekuwa jambo la pembeni, la kumalizwa baadaye, na hiyo baadaye haifiki.

Shirika la kwanza lilikuwa la watu watatu. East African Airways ilianza kuruka mwaka 1946, enzi za mkoloni, na baada ya uhuru ikawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ilikuwa na Super VC10 za kwenda Ulaya, na Fokker Friendship na DC-3 za kuruka miji ya humu ndani. Makao makuu na karakana zilikuwa Embakasi, Nairobi. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Safari ndefu za ng'ambo zilikuwa na heshima na pesa. Safari fupi za kwenda miji midogo zilikuwa na gharama. Tanzania ni nchi pana, miji yake imetawanyika, na kwa watu wengi wa huko ndege ndogo ndiyo ilikuwa barabara. Dar ikalalamika kwamba ajira na manufaa yanabaki Nairobi. Nairobi nayo ikalalamika kwamba yenyewe ndiyo inayobebeshwa madeni ya wenzake.

Mapema mwaka 1977 ndege zikasimama, na jumuiya yenyewe ikafa mwaka huo huo. Tarehe 22 Januari Kenya ikaunda shirika lake, na tarehe 4 Februari Kenya Airways ikaruka kwa mara ya kwanza kwa Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland. Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Machi ikaja Air Tanzania. Kugawana mali na madeni ya jumuiya kulichukua miaka, mpaka mkataba wa 1984. Fikiria talaka ya miaka saba ambapo watu wanagombania mpaka spana.

Ninachotaka ukumbuke hapo ni lalamiko la Dar. Ligeuze kidogo, weka Mombasa au Kisumu mahali pa Dar, na ni lile lile tunalolisikia mpaka leo. Tulivunja shirika kwa sababu kila kitu kiliishia Embakasi, kisha tukajenga jipya ambalo kila kitu kinaishia Embakasi. Tofauti ni kwamba safari hii mlalamikaji hana mpaka wa kufunga.

Miaka kumi na tano iliyofuata KQ ilikuwa mali ya serikali asilimia mia moja, na iliendeshwa kama mali nyingi za serikali za wakati ule: ajira za kujuana, hasara, deni juu ya deni, na Hazina Kuu ikilipa. Sina hamu ya kukaa sana hapo. Kama una mjomba aliyefanya kazi shirika lolote la umma miaka ya themanini, unaijua hii hadithi na vicheko vyake.

Mwaka 1991 ndio mambo yanapopamba moto. Novemba mwaka huo wafadhili walikutana Paris wakaisimamishia Kenya misaada. Kutoka kila upande Moi alikuwa anaambiwa auze mashirika ya umma. Mwaka huo huo Philip Ndegwa, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, akawekwa kuwa mwenyekiti wa KQ na akapewa kazi moja: lisafishe, liuzike. Watu wa rika langu tunasikia neno ubinafsishaji tunafikiria mikutano ya hotelini na mawasilisho ya rangi rangi. Kwa wazazi wetu lilikuja pamoja na kulipia kitanda hospitalini na karo ya chuo, mambo ambayo awali serikali iliyabeba. Kwa hivyo lilikuwa na harufu yake hata kabla ya kufika kwenye ndege.

Hata hivyo, kwa KQ lilifanya kazi. Inaniuma kidogo kukubali, kwa sababu ningependa stori iwe rahisi zaidi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wataalamu waliletwa, njia za hasara zikakatwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na katika mwaka wa fedha wa 1993 hadi 1994 shirika likapata faida. IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta ya kibinafsi, likaletwa kusimamia mauzo. Katika mashirika ya nje yaliyotaka kuingia, KLM ya Uholanzi ndiyo iliyoshinda: asilimia 26 kwa dola milioni 26. Serikali ikabaki na 23. Asilimia 51 iliyobaki ikaenda kwa umma, wafanyakazi na wawekezaji wengine, na mwezi Machi 1996 Mkenya wa kawaida akaambiwa anaweza kununua kipande chake kwa shilingi 11.25 kwa hisa. Waliojitokeza walipita laki moja. Baba yangu alikuwa ndani ya hiyo foleni.

Nilimuuliza kwa nini alinunua. Alisema kwa sababu bosi wake alinunua. Halafu akafikiri, akasema pia alipenda kuona ndege ikipita juu ya nyumba na kujua kwamba msumari mmoja ni wake.

Na hapa kuna jambo moja ambalo silisikii likitajwa pamoja na mauzo hayo, ilhali yalikuwa ya wakati mmoja. Miaka ile ile serikali ikisema haina pesa za kuendesha shirika la ndege, ilikuwa inajenga uwanja wa ndege wa kimataifa Eldoret, ukanda wa nyumbani kwa Rais Moi, wenye njia ya kurukia ya karibu kilomita tatu na nusu. Wafadhili walinung'unika, magazeti yakaandika, na mwaka 1997 uwanja ukawa tayari. Ulipata umaarufu kwa ndege za mizigo kutoka Dubai kuliko kwa abiria. Usinielewe vibaya, watu wa Eldoret wana haki ya uwanja kama mtu mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba ndege ziliuzwa kwa hesabu za soko na viwanja vikajengwa kwa hesabu za siasa, na hakuna mtu aliyekaa chini kuzipatanisha hesabu hizo mbili. Shirika lililobinafsishwa halikuwa na sababu ya kufuata lami mahali rais alipoimwaga. Kisumu nako, miaka ya mwanzo ya 2010, uwanja ulipanuliwa ukaitwa wa kimataifa. Nenda ukasome ubao wa safari pale uniambie umeona nchi gani.

Safari za humu nchini zenyewe KQ imezishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Mwaka 2000 ilizitenga ikaunda Flamingo Airlines; mwaka 2004 ikairudisha ndani. Mwaka 2014 ikaunda Jambojet, na safari hii mtoto amekua. Lakini umbo la ramani halijabadilika: mistari yote inaelekea Nairobi, kama nyaya za mwavuli.

Miaka mizuri ilikuwepo kweli. KQ ilienea Afrika yote, ikanunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania mwaka 2003, na vitabu vya shule vikaitaja kama mfano wa ubinafsishaji uliofaulu. Halafu ukaja mpango mkubwa wa kupanuka, ule ulioitwa Mradi Mawingu, na ndege mpya za mkopo. Mwaka 2012 waliwaomba wenye hisa zaidi ya shilingi bilioni 20, wakapata kama 14.5. Agosti 2013 JKIA ikaungua. Septemba, Westgate. Mwaka uliofuata Ebola ikakata njia za Afrika Magharibi na maonyo ya usafiri yakakata wageni, wale wale ambao baba aliwarudisha uwanjani. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2015 hasara ilikuwa bilioni 25.7. Uliofuata, zaidi ya bilioni 26. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo mizania naisoma nusu nusu, lakini hizo namba hazihitaji digrii.

Maseneta wakaunda kamati chini ya Anyang' Nyong'o kuchunguza. Moto mwingi ukaelekezwa kwa KLM na mikataba yake. Kidole kilichokuwa kinaelekezwa serikalini miaka ya themanini sasa kikageuzwa kwa mwekezaji. Na Novemba 2017 deni likageuzwa kuwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki ya humu nchini 38.1 kupitia kampuni moja, KLM ikashuka hadi 7.8, wafanyakazi 2.4. Sisi wengine wote, yaani umma ulioitwa mwaka 1996 uje umiliki fahari yake, tukabaki na 2.8. Hisa zenyewe zilipangwa upya mwaka huo, kwa hivyo usiilinganishe bei ya zamani na ya sasa moja kwa moja. Utajiumiza kichwa bure. Lakini 2.8 ni 2.8.

Kutoka hapo hatua ya kusema "basi serikali ichukue yote" ilikuwa fupi. Kwanza kulikuwa na pendekezo kwamba KQ ndiyo ipewe kuendesha JKIA, ili mapato ya uwanja yaokoe ndege. Wafanyakazi wa uwanja wakagoma Machi 2019, abiria wakakwama, polisi wakaitwa. Kamati ya Bunge ya Uchukuzi chini ya David Pkosing ikalikataa pendekezo hilo na kuja na lake: serikali inunue hisa zote, iweke shirika, viwanja na huduma zake chini ya kampuni moja kuu. Mfano uliotajwa kila dakika ulikuwa Ethiopia. Na ni kweli, Ethiopian Airlines ilianzishwa mwaka 1945, ni ya serikali mpaka leo, na inatupita kwa mbali. Mswada ukaandikwa mwaka 2020, hisa zikasimamishwa kuuzwa sokoni Julai mwaka huo, bei ikaganda shilingi 3.83, kisha mswada ukasahaulika taratibu. Kufikia Desemba 2022 Rais Ruto alikuwa anasema yuko tayari kuuza.

Angalia hiyo mizunguko. Ya watu watatu, ya serikali, ya soko, karibu iwe ya serikali tena, inauzwa tena. Ethiopia ilifaulu bila kuuza. Sisi tulifaulu kwa kuuza, kisha tukaanguka bila kununua. Mimi nimechoka kuamini kwamba jina lililo kwenye cheti ndilo linaloamua.

Ripoti ile ya 2019 ilitaka viwanja vyote viwe chini ya paa moja na shirika. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni wazo la uendeshaji. Kwa mtu wa Mombasa ni kengele. Ngoja nieleze, kwa sababu hii sehemu ndiyo inayosinzisha watu na ndiyo yenye chakula chetu.

Ndege ya nchi nyingine haiji tu kama matatu. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kwa hivyo nchi mbili hukaa mezani zikaandikiana: shirika gani, miji gani, mara ngapi kwa wiki, na kama ndege ya mgeni inaweza kupakia abiria kwako na kuwapeleka nchi ya tatu. Ruhusa hiyo ya mwisho huitwa haki ya tano, na ndiyo inayopiganiwa zaidi. Mezani huko anakaa ofisa wa serikali, na serikali hiyo hiyo ndiyo mwenye hisa mkubwa wa KQ. Akiruhusu ndege nyingi za Ghuba zishuke Mombasa moja kwa moja, abiria hao hawapiti Nairobi, na KQ imewakosa. Akikataa, wenye hoteli za Nyali na Diani wamewakosa. Wafanyabiashara na wanasiasa wa Pwani wamelilia anga huru kwa miaka mingi, na jibu limekuwa kufunguliwa dirisha moja moja: Qatar Airways Desemba 2018, flydubai Januari 2024. Huku ng'ambo ya maji Unguja wanapokea mashirika hayo na mengine, na wana jengo jipya la abiria. Madereva wa Mombasa wanaizungumzia Unguja kama mtu anavyomzungumzia jirani aliyenunua gari.

Na mchezo huu wa meza tunachezewa sisi pia. Agosti 2020 Tanzania iliizuia KQ baada ya Kenya kuiacha nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake waliruhusiwa kuingia wakati wa korona. Ilichukua mwezi na nusu. Januari 2024 ikatangaza tena kuifungia njia ya Nairobi na Dar, safari hii kwa sababu Kenya iliinyima Air Tanzania haki ya tano ya kubeba mizigo. Hiyo ilisuluhishwa haraka. Viongozi wa Nairobi walilalamika sana kwamba jirani anatumia anga kulinda shirika lake. Nilisoma taarifa zile nikakumbuka hoteli zilizofungwa Pwani, nikasema, aisee.

Nitakuwa mkweli: sijui kama ningekuwa ofisa wa mezani ningefanya tofauti. KQ ina wafanyakazi kwa maelfu, na deni lake serikali imelidhamini, yaani likianguka ni mimi na wewe tutalipa. Kufungua Mombasa yote kesho asubuhi kunaweza kuua shirika ambalo Likoni nzima bado inalipia kodi. Lakini basi tuseme hivyo hadharani. Tuambiwe kwamba Mombasa inafungwa kiasi fulani ili Nairobi ipumue, ni kiasi gani, mpaka lini, na Mombasa inapewa nini. Mwaka 1996 hakuna aliyeambiwa kwamba ukinunua msumari wa ndege, unanunua pia kufuli la mlango wako mwenyewe.

Korona ndiyo iliyoniondoa chuoni. Ndege za kimataifa zilisimama Machi 2020 hadi Agosti, gari la baba likakaa kwenye mwembe hadi ndege wa kawaida wakajenga kiota juu ya kioo. Karo haikupatikana. Kuna usiku nilifikiria zile hisa, nikaingia mtandaoni, nikakuta zimesimamishwa. Nikapiga hesabu hata hivyo. Zisingetosha kodi ya bedsita ya mwezi mmoja Kahawa. Nikarudi nyumbani, na nikaanza kuandika kwa pesa kidogo kidogo kwa yeyote anayelipa.

KQ ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12, ndege kadhaa zikiwa chini zikisubiri vipuri. Mjadala wa kutafuta mwekezaji unaendelea. Kwa vijana wengi neno lenyewe sasa linakumbusha Adani na JKIA, mgomo wa Septemba 2024, na mkataba kufutwa Novemba. Tulipinga, na nadhani tulikuwa sahihi kupinga. Lakini hata kwenye mabango yetu swali lilikuwa lile lile la zamani, nani anauziwa.

Januari 2025 hisa zilipoanza kuuzwa tena sokoni nilimpigia mzee asubuhi mapema, nikiwa na habari motomoto.

"Baba, hisa zako zimefufuka."

"Alhamdulillahi," akasema. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya masanduku na mtu anaita teksi. "Mwanangu, ntakupigia baadaye. Ndege ya Addis ishashuka, na mgeni wangu simuoni."